Tovuti ya Bunge la Hawaii na maoni ya idara za serikali: inafaa, ila ijue mitego yake

Kwa mtu anayetaka kuona idara za serikali zinawaambia nini wabunge kabla muswada haujawa sheria, tovuti ya Bunge la Jimbo la Hawaii, capitol.hawaii.gov, ni mojawapo ya huduma bora anazoweza kupata bila kulipa. Inaweka hadharani barua yenyewe ya idara, yenye nembo na jina la mkurugenzi, chini ya namba ya muswada husika. Kusoma hakuhitaji akaunti. Kasoro yake ni kwamba inakukabidhi karatasi kisha inakuacha nazo: haikuambii ushauri ulifuatwa au ulitupwa, na lugha ya idara zenyewe inahitaji kuzoewa.

Tuanze na kuzipata. Bunge hilo lina wabunge 76, maseneta 25 na wawakilishi 51, na hukutana kuanzia Jumatano ya tatu ya Januari kwa siku 60 za kazi za Bunge, hivyo shughuli huisha mapema Mei. Muswada wa Wawakilishi huanza na HB, wa Seneti SB. Ingiza herufi, namba na mwaka. Mwaka una maana kubwa, kwa sababu namba huanza upya kila baada ya miaka miwili, na muswada uliokwama mwaka wa kwanza hubaki hai hadi wa pili. Anayeandika namba bila kuangalia mwaka ataishia kusoma muswada mwingine kabisa, na ataugundua ukweli huo ukurasa wa nne.

Ukurasa wa muswada una matoleo yote, matangazo ya vikao, ripoti za kamati na faili za maoni. Jina la faili ndilo ramani yako: lina namba ya muswada, toleo, neno TESTIMONY (yaani maoni), kifupi cha kamati, na tarehe ya kikao kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. FIN ni kamati ya fedha ya Wawakilishi, WAM ni ya Seneti. Toleo lisilo na alama ni la awali. HD1 limerekebishwa na Wawakilishi, SD1 na Seneti, CD1 limetoka kwenye kamati ya pamoja ya mabaraza mawili. Usisome maoni yoyote kabla ya kufungua toleo lililotajwa kwenye jina la faili. Idara ikisema kifungu cha 3 kina tatizo, ni kifungu cha 3 cha toleo lile, na wiki mbili baadaye kifungu hicho kinaweza kuwa cha 5 au kimefutwa.

Faili yenyewe ni PDF moja iliyounganisha kila kitu. Barua za idara kwa kawaida hukaa mwanzoni, kisha mashirika, kisha wananchi mmoja mmoja. Kwa muswada tulivu ni kurasa chache. Kwa muswada wenye kelele ni mamia, na hakuna orodha ya yaliyomo wala viungo vya ndani. Kutafuta kwa neno husaidia, ila kurasa nyingine ni picha zilizoskaniwa na mashine haizisomi. Yaliyochelewa huwekwa kwenye faili ya pembeni yenye alama ya LATE, na ni kosa kuipuuza, kwani idara nazo huchelewa kama watu wengine. Baadhi, ikiwemo Idara ya Afya na Idara ya Kodi, huweka pia barua zao kwenye tovuti zao wenyewe. Ukitafuta msimamo wa idara moja kwa miaka kadhaa, anzia huko.

Sasa kwenye kiini. Anayetoa maoni huchagua moja kati ya misimamo mitatu: kuunga mkono, kupinga, au kutoa maelezo tu. Idara hupenda sana huo wa tatu, na hapo ndipo msomaji mgeni hudanganyika. Wakurugenzi wengi wa idara huteuliwa na gavana, na mara chache watapinga waziwazi muswada wa mwenyekiti wa kamati anayeshika bajeti yao. Hivyo upinzani huvikwa adabu. Sentensi utakayokutana nayo tena na tena ni kwamba idara inathamini nia ya muswada, mradi kupitishwa kwake kusichukue nafasi ya vipaumbele vya bajeti ya gavana wala kuviathiri. Tafsiri ya kazini: hatukuomba fedha hizi, mkitupa mzigo huu bila fedha mpya hatutaubeba. Idara ikisema inaiachia idara nyingine suala fulani, ina maana haitaki kulaumiwa kwalo. Nenda katafute barua ya hiyo iliyotajwa. Ikiwa haipo, hilo ni pengo ambalo mbunge makini ataliulizia.

Kila idara ina mahali pake pa kugonga. Idara ya Kodi huangalia kama inaweza kusimamia badiliko kwa tarehe iliyoandikwa: fomu zibadilishwe, mfumo wa kompyuta urekebishwe, maelekezo yatolewe. Mara nyingi huomba badiliko lihusu miaka ya kodi inayoanza baada ya 31 Desemba, lisiangukie katikati ya mwaka. Idara ya Bajeti na Fedha hukaba mifuko maalumu, yaani fedha zilizotengwa kwa kazi moja tu. Hunukuu kifungu cha 37-52.3 cha sheria za Hawaii, kinachotaka mfuko uwe na haja inayoonekana, uhusiano wa wazi kati ya faida inayopatikana na tozo wanayotozwa wanufaika, na uwezo wa kujiendesha wenyewe. Barua hiyo inafanana mwaka hadi mwaka, na bado watunga miswada huja na mifuko isiyo na chanzo cha mapato kana kwamba hawajawahi kuisoma.

Miswada ya kuanzisha leseni kwa taaluma mpya hukwama mahali pengine. Kifungu cha 26H-6 kinataka Mkaguzi wa serikali achambue kwanza kama udhibiti huo unahitajika, na uchambuzi huo huombwa kwa azimio la pamoja la mabaraza yote mawili. Ukiona idara inayosimamia leseni imetaja namba hiyo, jua muswada umeruka hatua na huenda usifike mbali mwaka huo, labda ugeuzwe kuwa ombi la uchambuzi. Sharti linalofanana lipo kwa muswada unaolazimisha bima ya afya kulipia huduma mpya. Hilo liko kifungu cha 23-51.

Barua za Mwanasheria Mkuu ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, na kwa hizi pekee tungeipa huduma hii alama za juu. Kichwa chake hutaja muswada, kamati, tarehe, saa, mahali na wakili atakayezungumza. Kisha hoja moja kwa moja: neno lisilofafanuliwa, adhabu isiyolingana na kifungu kingine, mgongano na katiba ya jimbo au sheria ya shirikisho. Mara nyingi humalizia na maneno mbadala, tayari kunakiliwa ndani ya muswada, yaliyofutwa na yaliyoongezwa yakiwa yametiwa alama. Yaweke sambamba na toleo linalofuata na utaona kamati ilichukua nini.

Miswada inayotoka serikalini yenyewe ina ziada inayopitwa na wengi: kurasa za mwisho za muswada huwa na karatasi ya uhalalishaji, inayoeleza lengo, njia, sababu, athari kwa umma, athari kwa idara, fedha, na idara nyingine zinazoguswa. Soma sehemu hiyo ya mwisho. Ikiwa idara iliyotajwa pale haikuleta barua kikaoni, kuna jambo halijakubaliwa huko ndani.

Ripoti za kamati, zilizo kwenye ukurasa huohuo, huorodhesha nani aliunga mkono, nani alipinga na nani alitoa maelezo tu, kisha hueleza marekebisho. Ni njia ya mkato nzuri, ila hazitoi sababu za idara. Anayeishia kwenye ripoti ataamini kwamba idara tano hazikuwa na neno, kumbe tatu kati yake zilikuwa zinalia kwa upole.

Kinachokosekana kabisa ni mazungumzo. Tovuti haina maandishi ya neno kwa neno ya vikao vya kamati. Kuna video tu, YouTube. Mwakilishi wa idara akiitwa, mara nyingi husema anasimama na maandishi yake na yuko tayari kwa maswali, kisha anakaa. Maswali ndiyo yenye mali: gharama halisi ni kiasi gani, nafasi ngapi za kazi ziko wazi, nani atakagua. Video ya kikao chenye miswada kumi na tano inaweza kwenda saa nyingi, na njia rahisi ya kufika unapotaka ni kufuata mpangilio wa miswada kwenye tangazo la kikao. Anayetaka kutazama moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki aongeze saa 13: kikao cha saa tatu na nusu asubuhi Honolulu ni saa nne na nusu usiku.

Usishtuke ukikuta muswada unaoanza kutumika 2050 au hata 1 Julai 3000, au kiasi cha fedha kimeachwa wazi. Ni mbinu ya makusudi ya kulazimisha muswada uende kwenye kamati ya pamoja badala ya kupita ulivyo. Idara hujibu tarehe hizo kwa uso mkavu kabisa.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye faili za zamani. SB 2858 ya 2018 ilianza kama muswada wa kuitaka idara ya magereza itoe taarifa za urekebishaji wa wafungwa. Ikaisha kama Sheria ya 84, inayohusu makazi ya kujikinga na kimbunga kwenye shule za umma. Maoni ya mwanzo yaliyo chini ya namba hiyo hayagusi chochote kilichopitishwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kwamba kubadilisha muswada namna hiyo kunavunja sharti la katiba la kusomwa mara tatu katika kila baraza. Kwa miswada ya kabla ya hapo, linganisha toleo la kwanza na la mwisho kabla ya kumnukuu mkurugenzi yeyote.

Upande wa kutuma maoni ni rahisi: sajili barua pepe, chagua muswada, chagua msimamo, ambatisha faili, sema kama utazungumza ana kwa ana, kwa Zoom, au ni maandishi tu. Mwisho wa kutuma kwa kawaida ni saa 24 kabla ya kikao, na tangazo la kikao linaweza kutoka saa 48 tu kabla, hivyo una siku moja ya kuandika. Kilichotumwa huwekwa hadharani, kwa hiyo namba ya simu na anwani ya nyumbani visiwe ndani ya faili. Aliyeko Honolulu akikwama, chumba 401 cha jengo la Bunge, Public Access Room, kina wafanyakazi wasioegemea chama na kompyuta za umma.

Kamati ya pamoja, mwishoni mwa Aprili, haipokei maoni ya mtu yeyote, kwa hiyo CD1 haina faili ya TESTIMONY. Kwa muswada uliofika huko, tafuta barua ya mwisho ya Mwanasheria Mkuu juu ya HD au SD, kisha angalia orodha ya miswada ambayo gavana anakusudia kuikataa, ambayo kwa kawaida hutoka Juni. Sababu zake rasmi za kukataa wakati mwingine ni hoja zilezile ambazo wakili wa serikali aliziweka mezani mwezi Februari.