Tahadhari: "Wakala" wa vifurushi vya Dar es Salaam na Nairobi anayedai ushuru wa Namanga kwa namba yake ya simu

Natoa tahadhari hii kwa wauzaji wadogo wa Dar es Salaam, Tanga na Arusha wanaotuma bidhaa kwa wateja wao wa Kenya, hasa wanaotafuta nafuu ya nauli kwa kumkabidhi mzigo mtu wanayemfahamu kwa matangazo ya mtandaoni tu. Yupo mtu anayejitangaza kuwa wakala wa usafirishaji kati ya Dar es Salaam na Nairobi. Simtaji kwa jina, kwa kuwa jina analotumia sasa silo alilolitumia wakati ananihudumia, na shauri lenyewe liko polisi. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, maana hiyo haibadilishi.

Bei yake kwa kilo haifiki nusu ya ile inayotozwa na ofisi za vifurushi za mabasi yanayotoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, na juu ya hapo anaahidi kwamba bei hiyo ni "mpaka mlangoni, ushuru wa pande zote mbili ukiwemo". Watu wengi huvutwa na unafuu wa nauli, lakini chambo chenyewe ni hayo maneno ya ushuru. Ushuru hutegemea bidhaa ni ipi, imetengenezwa wapi na ina thamani gani. Anayekutajia jumla kabla hajauliza kilichomo ndani ya boksi ama haijui kazi, ama hana nia ya kulipa chochote.

Mzigo wangu ulikuwa batiki zilizotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, na orodha ya vilivyomo pamoja na bei niliibandika juu ya boksi. Kijana wake aliyekuja kulichukua aliniachia risiti iliyochanwa kwenye kitabu cha kawaida cha dukani, isiyo na TIN wala anwani. Siku chache baadaye ukaja ujumbe huu:

"Habari dada, mzigo umeshikwa Namanga upande wa Tanzania. Afisa anataka 96,000 ya ushuru wa Kenya kabla ya saa kumi, ukichelewa kesho unapigwa mnada. Tuma namba hii, jina litakuja la bosi wangu."

Ujumbe huo unastahili kusomwa taratibu. Namanga ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, na utaratibu wa vituo vya aina hiyo ni kwamba mzigo unaotoka Tanzania kwenda Kenya hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili wakiwa upande wa Kenya, kwa kusimama mara moja. Ushuru wa kuingiza bidhaa Kenya hutozwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Hakuna afisa wa upande wa Tanzania anayekusanya ushuru wa Kenya, na mtu anayepita mpaka huo kila wiki, kama anavyojinadi, hawezi kukosa kulijua hilo.

Mnada wa "kesho" nao haupo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mzigo uliowekwa katika ghala la forodha hupewa siku 30. Usipoondolewa, hutolewa tangazo la kumpa mwenyewe siku nyingine 30, na ni baada ya hapo tu ndipo unapohesabiwa kuwa umetelekezwa na kuuzwa. Vitisho vya saa kumi jioni vina kazi moja, nayo ni kukunyima muda wa kumpigia simu mtu anayejua.

Kisha lipo suala la namba, na kwangu hili ndilo linalotosha peke yake. Malipo ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, na ya KRA hufanywa kwa namba ya usajili wa malipo inayotolewa na mfumo wao, na katika hali zote mbili fedha huingia serikalini. Ushuru wa Kenya unaolipwa kwa shilingi za Tanzania, kwenye laini ya Tanzania, kwa jina la mtu binafsi, si ushuru. Wakala halali anaweza kukulipia kwanza kisha akakudai, hilo ni la kawaida kabisa, lakini atakuja na stakabadhi yenye namba ya malipo na hati ya kuingizia mzigo yenye jina lako au la mteja wako. Nilipoomba hati hiyo nilitumiwa picha ya fomu ya TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha ya Tanzania, yenye jina la mtu nisiyemjua, na tarehe ikiwa imezibwa kwa kidole gumba cha mpiga picha.

Nilipokataa kulipa, dai likageuka. Sasa ikawa ni shilingi 45,000 za "cheti cha asili ya bidhaa". Kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, kipo cheti rahisi cha asili kinachotolewa na maofisa wa forodha pale pale mpakani, bila malipo, na kwa cheti hicho ushuru wa forodha hautozwi. Kodi ya ongezeko la thamani inaweza kubaki, ambayo Kenya ni asilimia 16, kwa hiyo asije mtu akawaahidi wateja wake kwamba hakuna senti itakayodaiwa. Na mwenye vitenge vya India au China alivyonunua Kariakoo afahamu kwamba kununuliwa Kariakoo hakuvifanyi kuwa vya Tanzania. Hivyo hurudi kwenye ushuru wa pamoja ambao Jumuiya hutoza bidhaa zinazotoka nje yake.

Wengine waliopatwa na mtu huyu wameniambia kwamba aliwashauri waandike "zawadi" au wapunguze bei kwenye orodha ya mzigo. Ushauri huo ni mtego wa pili. Kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa ambalo sheria niliyoitaja inaliwekea kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000, na aliyekwisha kuandika uongo huona haya kwenda kushtaki pale mzigo unapopotea. Nadhani ndiyo maana amedumu muda mrefu.

Ukimuuliza uhalali wake, hutuma haraka cheti cha BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara. Cheti hicho kinaonyesha kwamba jina la biashara limesajiliwa, basi. Kugomboa mizigo kunahitaji leseni ya wakala wa forodha inayotolewa na mamlaka ya mapato, na kusafirisha vifurushi vya watu kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ombeni hizo mbili, kisha ulizeni ofisi zilizozitoa badala ya kuridhika na picha.

Wanaotaka nafuu ya kweli wana njia ya ofisi za vifurushi za mabasi zenye leseni, ambapo mzigo hupimwa mbele yako na orodha hujazwa, au EMS, huduma ya haraka ya vifurushi ya Posta, ambayo kwa vitu vidogo vyenye thamani mimi naiona bora. Huko hujazwa fomu ya forodha ya CN23, na namba ya kufuatilia huwa na herufi 2, tarakimu 9, kisha TZ mwishoni. Namba niliyopewa mimi na "wakala" ilikuwa na tarakimu 4.

Boksi langu halijapatikana, na mteja nimemrudishia fedha zake. Aliyekwisha kutuma pesa awapigie mara moja watoa huduma wa mtandao wake wa simu wajaribu kuzuia muamala kabla haujatolewa, apeleke namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na afungue jalada polisi akiwa na ujumbe wote bila kufuta hata mmoja, ukiwemo ule wa kwanza wa bei, kwa sababu ahadi ya "ushuru ukiwemo" ndiyo inayoonyesha kwamba madai yaliyofuata yalikuwa ya hila.