Uzoefu wangu: vikombe sita vya Kiingereza na ufunguo wa kabati

Mlio wa ufunguo mdogo ukizungushwa kwenye kabati mbele ya uso wako, na wewe umesimama na mkono mtupu ambao sasa hivi tu ulikuwa umeshika kikombe. Huo ndio uzoefu wangu, na yote nitakayoeleza hapa yanatoka hapo. Kama umekuja kutafuta bei na vipimo, hivyo utavipata kwingine.

Ilikuwa mwaka juzi, au mwaka wa kabla yake, baridi imeshaanza kuuma. Mama Mkubwa alikuwa amekuja kutoka Unguja kuwaona wajukuu, na katika miezi yote aliyokaa kwangu hakuomba kitu ila kimoja: vikombe sita na visahani vyake. "Vya Kiingereza vya kweli, mwanangu, si hivi vinavyopasuka ukivitilia maji ya moto." Nyumbani kwa bibi yake, Mji Mkongwe, kulikuwa na kabati la vioo lenye sahani za maua ya buluu ambazo hazikutolewa ila siku ya Idi au anapokuja mgeni wa heshima. Zilivunjika moja moja. Ya mwisho aliivunja mama yangu alipokuwa mtoto, na hadithi ya kipigo alichokipata inasimuliwa kwetu mpaka leo. Kwa hiyo Mama Mkubwa aliposema vikombe, mimi nilielewa kuna kitu anataka kukirudisha mahali pake.

Nikampeleka kwenye duka la vitu vya kale, mji mmoja wa katikati ya Uingereza ambao siutaji. Sasa nikilikumbuka duka lile naliona bovu lote: zulia linanuka ukungu, kengele ya mlango inakwaruza masikio, bei zimeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye vikaratasi vichafu. Lakini haki ya Mungu, siku ile nilipoingia sikuona hata kimoja katika hivyo. Niliona vikombe tu.

Vilikuwa sita, vyeupe, na uzi mwembamba wa dhahabu mdomoni. Ni ule weupe wa maziwa, hauna ubaridi wa karatasi. Nilikinyanyua kimoja nikahisi kama sijashika kitu. Nikakielekeza dirishani, na vidole vyangu nikaviona kwa upande wa pili, vivuli vinne vimelala ndani ya kauri. Nikakigonga ukingoni kwa ukucha, taratibu, kama Mama Mkubwa alivyonifundisha, kikalia mlio mwembamba uliokaa hewani mpaka tukatazamana. Mama Mkubwa akatabasamu. Kisha akaniinamia: "Muulize. Nasikia hivi vina mfupa ndani. Mfupa wa mnyama gani?"

Nikauliza, kwa adabu, kwa Kiingereza changu ambacho hakina kasoro. Bwana yule alikuwa nyuma ya meza anasoma gazeti. Hakuinua macho. Akasema jina lenyewe si linasema, ni kauri ya mfupa. Nikamwambia ndiyo, ila tunataka kujua ni mfupa wa nini, kwa sababu ya dini yetu. Hapo akanyanyuka, akaja, akakitoa kile kikombe mkononi mwangu. Hakuniomba nikiweke. Alikitoa mkononi. Akakirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo, akasema: "Watu wenu mna maswali mengi. Vyombo vya kila siku vinauzwa supamaketi, mtaa wa pili."

Mama Mkubwa hajui Kiingereza. Lakini ufunguo anaujua. Akanishika kiwiko akasema, "Twende zetu, mama," na njia nzima hakusema neno jingine.

Wazee wetu wamesema biashara haigombi. Huyu aligomba na mteja mwenye pesa mkobani! Na kinachonichoma zaidi ni kilichokuwa rafu ya juu ya kabati lile lile: vyombo vya buluu ya mawingu vyenye sanamu nyeupe, vya Wedgwood. Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Kiingereza, huyo huyo ambaye mwaka 1787 kiwanda chake kilitengeneza kidani cha kauri chenye mtu mweusi amepiga magoti, mikono ina minyororo, na maandishi yanayouliza: Je, mimi si mtu na ndugu? Watu walikivaa kifuani na kwenye nywele kuonyesha kwamba wanapinga biashara ya watumwa. Sisi tunatoka Unguja, ambako soko la watumwa halikufungwa mpaka 1873. Na chini ya rafu hiyo mtu ananiambia "watu wenu".

Swali lenyewe halikuwa la kipumbavu. Mfupa ndio historia yote ya vyombo hivi, na muuzaji asiyeweza kuueleza anauza asichokijua. Angeweza kutuambia hivi, na mimi ningetoa pesa pale pale: kwa karne nyingi Wachina peke yao ndio waliojua kauri ngumu inayopitisha mwanga. Wazungu waliinunua kwa bei ya kutisha na kuitafuta siri yake. Wajerumani waliipata siri hiyo, kiwanda cha Meissen kikaanza mwaka 1710. Waingereza wao walikwenda njia nyingine. Huko Bow, mashariki ya London, katika miaka ya 1740 walianza kuchanganya majivu ya mifupa kwenye udongo. Kisha mwishoni mwa karne ile, mjini Stoke, ukoo wa wafinyanzi wa Spode ukatuliza mapishi yanayofuatwa mpaka leo: nusu majivu ya mfupa wa ng'ombe, robo udongo mweupe wa Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza, robo jiwe la huko huko Cornwall lililosagwa. Mfupa unachomwa mpaka unakuwa majivu meupe, unasagwa, unachanganywa, halafu chombo kinaingia tanurini kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Majivu yale ndiyo yanayokipa weupe wa maziwa, na nguvu inayokiwezesha kuwa chembamba hivyo bila kuvunjika ovyo.

Jibu lilikuwa ng'ombe! Neno moja.

Naam, najua kwamba kwa baadhi yetu neno hilo halimalizi mambo. Ng'ombe yule hakuchinjwa kwa ajili yetu. Wapo wanazuoni wanaosema kitu kikigeuka kabisa hukumu yake nayo inageuka, na wapo wanaoshika tahadhari, na sisi wa madhehebu ya Shafii pwani tumelelewa upande wa tahadhari. Mimi si mwanachuoni, simwambii mtu anywe au asinywe. Ila Mama Mkubwa alikuwa na haki ya kuuliza kabla hajatia kitu kinywani. Na ingekuwa bwana yule anaijua kazi yake, angemwonyesha rafu ya pili tu, maana huko kulikuwa na vyombo vya udongo visivyo na mfupa hata chembe, vya Kiingereza vile vile, vya kale vile vile. Alikuwa na tulichokitaka, akatufungia.

Kwa hasira niliapa sitanunua tena chombo cha nchi hii. Kiapo hakikufika mwezi. Nilimpeleka Mama Mkubwa Stoke-on-Trent kwa gari moshi, nataka nimfutie ile siku.

Stoke ni miji sita iliyoungana, na Longton ni mmoja wao. Ukifika Longton utaona matanuri ya matofali yaliyosimama kama chupa kubwa, tumbo pana na shingo nyembamba juu. Zamani yalikuwa mamia kwa mamia na moshi wa makaa ulilifunika jua, leo yamebaki machache na hayawashwi. Kiwanda kimoja cha zamani wamekifanya makumbusho. Tuliingia ndani ya tanuri, Mama Mkubwa amejifunga mtandio mpaka masikioni, tukasimama mahali ambapo mafundi walipanga vyombo ndani ya masanduku ya udongo, sanduku juu ya sanduku mpaka karibu na paa, wakiyabeba kichwani. Kichwani, kama sisi. Vumbi la kazi ile liliwaua wengi kwa mapafu, na madini ya risasi yaliyokuwemo kwenye rangi ya kung'arisha yaliwaua wengine. Mama Mkubwa akagusa ukuta mweusi akasema, "Basi kile kikombe chembamba kimetoka humu?"

Hapo ndipo nilipomwona mtu wa kweli wa kazi hii. Mama mmoja wa makamo alikuwa anatengeneza waridi la kauri. Alichukua kipande cha udongo mweupe kama punje ya hindi, akakibonyeza kiganjani kwa kidole gumba mpaka kikawa jani la ua, jembamba, na juu yake ikabaki mistari ya kiganja chake. Jani baada ya jani, bila kutazama, huku anazungumza nasi. Mama Mkubwa akanambia muulize mfupa. Niliona haya, nikauliza. Mama yule akasema ng'ombe, nusu ya uzito, na kama hampendi mfupa basi tafuteni vya udongo vyenye mchoro wa buluu uliochapwa. Akatueleza vya kuangalia. Hakutuuzia kitu, hakuwa na cha kutuuzia.

Tulivipata kwa muuzaji mwingine, kwenye duka dogo lisilo na makuu. Mchoro ni ule wa Spode wa magofu ya Italia uliotoka mwaka 1816 na haujaacha kutengenezwa: mto, ng'ombe na wachungaji, ngome iliyobomoka, na pembeni ukingo wa maua ya mtindo wa Mashariki ya Mbali. Ni udongo, si kauri ya mfupa. Ukivigonga havilii, vinasema "ko" tu. Ni vizito. Mwanga haupiti. Mwanzoni nilivunjika moyo, mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka ule wepesi. Lakini buluu yake! Ni rangi ya kobalti, moja ya rangi chache zilizostahimili moto wa tanuri bila kuungua, ndiyo sababu Uingereza nzima ikawa buluu. Na mchoro wa namna hii haukupakwa kwa brashi. Fundi alichonga bamba la shaba, bamba likatiwa wino, wino ukahamia kwenye karatasi laini, karatasi ikasuguliwa kwenye chombo na kuondolewa kwa maji. Ukitaka kujua kama chako kimetengenezwa hivyo, fuata ukingo wa maua kwa kidole: mahali fulani utakuta maua hayakukutana sawasawa, jani limekatika nusu. Ni hapo mtu alipoungia karatasi. Mama Mkubwa alikikuta kiungo hicho kwenye kisahani cha tatu, akakaa nacho mapajani muda mrefu.

"Za bibi zilikuwa na kosa hili," akasema.

Sina ushahidi kwamba sahani za bibi zilitoka Stoke. Karne ya 19 vyombo vingi vya Ulaya vilishuka bandari ya Unguja, vya Uingereza na vya Uholanzi, na vigae vyake bado vinaokotwa kwenye mashamba ya karafuu. Zaweza kuwa za kokote. Lakini yeye anakumbuka kidole chake kikipita pale.

Sasa hukumu. Vyombo vya udongo vya buluu: nunueni, tena kwa matumizi, visikae kabatini tu. Chai ya maziwa yenye iliki inakaa na moto wake humo kuliko kwenye vyembamba. Angalieni chini ya kikombe. Kikiandikwa nchi yake, England, basi kwa kawaida ni cha baada ya 1891, ilipoanza kutumika sheria ya Marekani ya kutaka jina la nchi kwenye bidhaa zinazoingia kwao. Pitisheni kidole mdomoni, kama kuna pengo msinunue, mtajikata. Kauri ya mfupa: nilitaka kusema iacheni. Niliandika hivyo mwanzo, nikafuta. Nikisema si nzuri nitakuwa nadanganya kwa sababu ya mtu mmoja. Ni nzuri mno. Sijashika kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu kikawa vile.

Duka lile halipati nyota kwangu, hata moja. Nilimwandikia mwenyewe barua, ya heshima, nikamweleza siku ilivyokuwa. Hakujibu. Mama Mkubwa ameniambia nimsamehe, na vikombe vyake vilifika Unguja salama, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kanga yake, isipokuwa kisahani kimoja kilichopata ufa, nacho amekipa kazi ya kuwekea ubani.

Mimi bado. Wiki iliyopita nilipita mbele ya dirisha lile na basi likasimama kwenye taa. Vikombe vyangu vilikuwa palepale, vyote sita, uzi wa dhahabu unawaka kwa jua la jioni. Kama kuna mtu anaishi karibu na huko na bwana yule hamfahamu uso wake, aniandikie. Pesa nitatuma mimi.