Waiteni nyumbani, spika ziacheni

Kama kuna chama, familia au mtaa hapa Lamu unaofikiria kuwaalika wale vijana wanne wa fidla kutoka Nairobi, jibu langu ni waiteni. Lakini waiteni nyumbani. Mimi niliwasikia kwanza kwenye hoteli moja ya wageni, kisha katika nyumba ya jirani yetu hapa Mkomani, na lau ningefumbwa macho nikaambiwa ni watu wale wale, ningebisha.

Hotelini, ambako jina nalihifadhi, waliwekwa bustanini karibu na maji, kila ala imebandikwa kipaza sauti. Kaskazi ilikuwa inavuma, basi nusu ya tulichosikia ni upepo. Jenereta nayo haikuwa mbali. Sauti nne zikaingia kwenye spika mbili zikatoka zimegandana, hujui nani anapiga nini, na watu wakaendelea na kamba wao mezani. Siwalaumu. Nilirudi nimenuna, maana mimi ndiye katibu wa chama chetu cha akina mama na tayari tulikuwa tumeshawatumia nauli.

Siku yetu ilipofika tukaamua hakuna umeme wowote kwenye sauti. Nyumba tuliyoazimwa ni ya mawe, ya zamani, kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, dari ya boriti. Anayezijua nyumba hizi anajua vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana unaamuliwa na boriti ya mkoko, nayo haizidi sana mita tatu. Wapigaji tuliwaweka kwenye msana wa chini, yaani ule ukumbi mrefu ulio wazi upande wa ua, nyuma yao zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Sisi tukajaa kiwandani, ndio ua wa ndani ya nyumba, juu ya mikeka, wanawake upande wa ndani, wanaume upande wa mlangoni. Wazee wawili watatu walikataa kuingia, wakakaa nje dakani, kwenye baraza la mlangoni, wakisema wao wanapita tu. Walipita mpaka mwisho.

Mimi niliegemea ukuta. Yule kijana wa selo alipoburuta uta kwenye uzi wake mnene kabisa ili kuulinganisha, niliusikia mgongoni kabla ya masikioni. Hapo hasira ya hotelini ikaniisha.

Kwa asiyewajua: hawa ni wapigaji wa fidla mbili, viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, na selo inayosimamishwa baina ya magoti. Hakuna mwimbaji, hakuna dumbaki, hakuna kodiani. Muziki wanaopiga ni wa Ulaya, na mwingi wake haukuandikiwa uwanja wala ukumbi mkubwa. Uliandikiwa vyumba vya watu, upigwe na marafiki wanaotazamana, wasikilize walioalikwa. Watunzi wake wakubwa, Haydn na Mozart, wenyewe walikuwa wakikutana Vienna kupiga pamoja namna hiyo, na Mozart akipenda kushika viola. Kwa hiyo kuwaleta katika nyumba yenye msana na kiwanda si kuwashusha hadhi. Hotelini ndiko walikopotea.

Marehemu baba alikuwa mpiga fidla wa taarabu za harusi, ndiyo maana sikio langu lilienda kwanza kwenye nyuzi. Yeye nyuzi mbili za juu alizishusha, kama wafanyavyo wengi wa mtindo wa Kiarabu. Hawa wanazifunga kwa mpangilio wa Ulaya, kila uzi umeachana na jirani yake kwa noti tano, ukihesabu ya mwanzo na ya mwisho. Na jamani, walichukua muda kuzifunga! Unyevu wa bahari uliwachezea, vigingi vinateleza, ukimaliza huu ule umeshalegea. Wanawake wakaanza hadithi zao. Feni nayo ilibidi izimwe maana ilikuwa inaunguruma kuliko viola, na joto la kaskazi mnalijua. Anayewaalika mwezi wa Februari aandae pepeo.

Walianza saa mbili na nusu, watu wametoka msikitini kwa swala ya isha, na kabla ya saa nne wamekwisha. Hilo tuliliafikiana mapema na wazee wa mtaa na nashauri kila mtu aliafiki mapema, asingoje kuulizwa.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha Haydn, sehemu ya taratibu tu, siyo chote. Msichana wa fidla ya pili alisimama akasema kwa Kiswahili, maneno machache: wimbo ni mmoja, sikilizeni nani ameushika sasa. Basi. Ndiyo maelezo bora niliyowahi kusikia kuhusu muziki wowote. Fidla ya kwanza ikaushika wimbo. Kisha akaupokea yeye mwenyewe wa pili, na yule wa kwanza akawa anamzunguka kwa noti ndogondogo za mbio, wawili peke yao, wenzao wamenyamaza. Kisha ukaenda kwa selo. Kisha viola. Mwisho ukarudi kwa fidla ya kwanza, na wote wako chini yake. Watoto walikuwa wananyosha kidole kila wimbo unapohama, na hawakukosea. Katika nyumba ile ungeweza kuufuata hata kwa macho yaliyofumbwa, maana kila ala ilitoka mahali pake. Kwa spika usingeweza.

Wimbo wenyewe Haydn aliutunga mwaka 1797 kumwombea heri Kaisari Franz, na siku hizi ndio wimbo wa taifa wa Ujerumani. Sikulijua hilo mpaka ami mmoja, nahodha aliyewatembeza watalii miaka mingi, aliposema kwa sauti ya juu kutoka upande wa wanaume: "Huu si wa mpira? Huu wa Kombe la Dunia!" Kiwanda kizima kikacheka na wapigaji nao mabega yakawa yanatikisika, lakini uta haukusimama. Hapo nikawapenda.

Kilichofuata kilikuwa kirefu zaidi, sehemu nne, cha Dvořák, Mcheki aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Alikiandika mwaka 1893 akiwa likizoni katika kijiji cha Spillville, jimbo la Iowa, walikokuwa wakiishi Wacheki wenzake. Wimbo wake wa kwanza unashikwa na viola, jambo ambalo si la kawaida, lakini Dvořák mwenyewe alikuwa mpiga viola. Nyimbo zake nyingi humo zimejengwa kwa noti tano, ndiyo maana haziwi ngeni sikioni. Bibi aliyekaa kando yangu alikuwa ameshaanza kuguna nao kabla ya dakika mbili. Sehemu ya tatu ina sauti ya ndege aliyekuwa akimsumbua huko kijijini. Bahati yake hakuja kutunga Lamu, angetuachia kunguru.

Sasa lawama, maana nyota ya tano sikuitoa.

Kwanza hili la makofi. Kijana wa fidla ya kwanza alitutaka tusipige makofi mpaka sehemu zote nne ziishe. Alilisema kwa adabu, lakini watu wakakaza mabega wakaanza kuogopa kukosea, na kiwanda kikawa kama chumba cha mtihani. Mimi nasema hakuna haja. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia babake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake, kazi ya okestra nzima, palepale alipokusudia wafurahi. Ikiwa mwenye kazi alitaka makofi, wewe unayazuia kwa nini?

Vilevile sisi watu wa taarabu tunatunza. Ukiguswa unainuka, unaenda na noti yako, unaiweka. Katika sehemu ya pili ya Dvořák, ile ya huzuni, Bi Mkubwa mmoja aliinuka na buibui lake, akaenda taratibu kwa mwendo wa ule ule muziki mpaka mbele, akachomeka noti ya mia mbili kwenye stendi ya kijana wa selo, chini ya kibanio cha nguo. (Wote walikuwa wamebana karatasi zao za noti kwa vibanio vya nguo kwa ajili ya upepo. Mtu anayekuja na vibanio vyake mwenyewe kisiwani ameshajifunza kitu.) Kijana wa selo aliinamisha kichwa kumshukuru na hakukosa hata noti moja. Yule wa fidla ya kwanza alikunja uso. Nilimwambia baadaye: mwanangu, kule ndiko kusifiwa, hutapata kwingine hapa. Akacheka kidogo, sijui kama alinikubali.

Pili, na hili ndilo lililoniuma: walimaliza kwa wimbo wa taarabu wa zamani ambao kila mtu pale aliujua. Nia nzuri. Lakini walikuwa wanausoma kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mizani ya piano, na zile sauti zinazokaa katikati, zisizo juu wala chini, ambazo ndizo roho ya wimbo, zikasukumwa kwenye noti ya karibu. Ami mmoja dakani alisikika akisema, "Wameupiga pasi." Na kinachokera ni kwamba fidla haina vizuizi shingoni kama gita; kidole kinaweza kukaa popote. Hawahitaji ala nyingine, wanahitaji kukaa na mpiga udi wa hapa jioni mbili tatu na kusikiliza. Huu ni mji aliotoka Zein l'Abdin, yule mwimbaji wa taarabu na mpiga udi. Rekodi zake zipo, udi wake unasikika wazi, waanzie hapo. La sivyo watupigie Haydn wanayemjua, sisi tutatosheka.

Kwa upande wa watoto sina la kuwalaumu. Alasiri ya siku ile, kabla ya onyesho, walikaa na watoto wa mtaa kwenye kiwanda hicho hicho. Walikuja na fidla ndogo za watoto, kila mmoja akapewa zamu ya kuvuta uta. Kelele ilikuwa ya ajabu, paka wote walihama. Msichana wa viola akawaonyesha kile kipande cha utomvu wa msonobari wanachopaka uta ili ushike uzi, akawaeleza kwamba singa za uta hutoka mkiani mwa farasi. Kijana mmoja wa punda, mtoto wa jirani yangu, akauliza papo hapo: "Za punda hazifai?" Msichana akafikiri kweli, hakumcheka, akasema hajawahi kujaribu. Kesho yake asubuhi yule mtoto alifika kwenye nyumba waliyolala na kishungi cha singa mkononi. Punda wa nani aliyenyolewa, bado kuna kesi.

Kuhusu gharama: sisi tuliwalipia basi mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, na boti, malazi, chakula, na bahasha mwishoni. Kiingilio tulitoza shilingi 100 kwa mkubwa, watoto bure, na kahawa, halwa na kaimati tukauza wenyewe, ndivyo tulivyoziba pengo. Mwenye boti aliitoza selo nauli kama abiria mzima, kwa hoja kwamba imekaa kwenye nafasi ya mtu. Ongezeni hiyo kwenye hesabu. Kutoka gatini ililetwa kwa mkokoteni, na mtu apewe kazi ya kutangulia mbele kusafisha njia, kwa sababu vichochoro vya Mkomani, selo na punda wa mchanga haviingii pamoja.

Nawapa nyota nne. Ile ya tano wataichukua siku watakayopiga wimbo wetu bila kuupiga pasi.

Jambo la mwisho kwa watakaowaalika. Sisi kwa heshima tuliwatolea viti vya enzi vya mwenye nyumba, vizuri, vya kamba na vipande vya pembe. Kijana wa selo alijaribu kukaa akashindwa: mikono ya kiti inazuia uta na viwiko, na pale pa kuwekea miguu ndipo ala inapotaka kusimama. Ikabidi tukimbie kwa muuza chai kuazima viti vya plastiki visivyo na mikono, watu wamekaa wanangoja. Vitafuteni mapema. Na kwa selo, weka kipande cha mkeka mkavu sakafuni, ule mguu wake wa chuma una ncha na sakafu ya chokaa inateleza.