Uzoefu wangu: presha yangu kati ya dharura na kliniki ya wagonjwa wa nje

Ni miezi minane sasa presha yangu inafuatiliwa na kliniki ya wagonjwa wa nje. Kabla ya hapo nilikuwa nikiishiwa dawa nakimbilia idara ya dharura ya hospitali, tena si mara moja. Nimepita huku na huku kwa ugonjwa uleule, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mwenye presha, sukari au pumu anayejiuliza aelekee wapi.

Nianze na usiku wa mwisho nilioenda dharura. Dawa zilikuwa zimeisha siku nne. Kichwa kilikuwa kizito, nikajifunga mashine ya presha, ikasoma 168 kwa 98. Nikarudia, 174. Kila nikipima inapanda, na kila ikipanda nazidi kuogopa. Saa nne usiku nilikuwa mlangoni pa dharura.

Nesi alinipokea haraka, hapo sina lawama. Alipima presha, mapigo na joto, akanibana kidoleni kipimo cha oksijeni. Kifua kinauma? Unahema kwa shida? Macho yanaona sawasawa? Kuna mkono au mguu umekosa nguvu? Akaniambia nitabasamu, halafu ninyooshe mikono yote miwili mbele. Kisha akaweka alama ya kijani kwenye fomu yangu na kunielekeza kwenye benchi.

Sikujua maana ya ile kijani, na laiti ningejua ningeokoa hasira nyingi. Dharura hawafuati nani katangulia kufika, wanafuata uzito wa hali. Hospitali nyingi hutumia rangi, na utaratibu mmoja unaojulikana sana ulibuniwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1990: mwekundu anaonwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano 60, wa kijani 120, wa bluu 240. Hayo ndiyo malengo. Usiku wenye wagonjwa mahututi wengi, wa kijani anasogezwa nyuma tena na tena. Mimi nilikaa karibu saa tano.

Katikati ya hizo saa tano waliingiza mzee kwenye machela, midomo imegeuka rangi, kila pumzi anaivuta kwa mabega. Wahudumu wakamzunguka, pazia likafungwa. Binti yake alibaki ameegemea ukuta, ameshika viatu vya baba yake kifuani. Nilikuwa nimeinuka kwenda kuuliza zamu yangu. Nikakaa.

Daktari alipofika kwangu alishaona kipimo cha umeme wa moyo na cha mkojo. Akasema hakuna dalili kwamba presha imedhuru moyo, figo wala ubongo, kwa hiyo hanichomi sindano ya kuishusha. Mtu asiye na dalili za hatari akishushwa presha kwa ghafla, damu inayofika ubongoni inaweza kupungua, na hilo ni baya kuliko namba iliyoniogopesha. Akanipa vidonge vya siku tano na kuniambia niende kliniki. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika saba.

Nilitoka nikiona nimepuuzwa. Leo nasema yule daktari alifanya kazi yake barabara. Swali la dharura ni moja: huyu yuko hatarini sasa hivi? Nilijibiwa hapana, na ni jibu zuri sana kupewa usiku wa manane. Lakini kwa nini presha yangu inapanda kila baada ya miezi miwili? Swali hilo halina wa kulishika pale, maana daktari wa leo si wa juzi, na faili langu halikuwa na kitu zaidi ya usiku ule.

Kliniki ndiyo iliyolishika. Siku ya kwanza nesi alikataa kunipima nilipoingia tu. “Baba, kaa kwanza dakika tano. Miguu chini, usikunje nne. Mkojo umekubana? Nenda kwanza.” Akanisogeza mgongo uegemee kiti, akaweka mkono wangu juu ya meza usawa wa moyo, akaniomba nisiongee. Ikasoma 148. Nikakumbuka nilivyokuwa nikijipima nyumbani: nimetoka kupanda ngazi, nimekaa ukingoni mwa kitanda, naongea na simu. Sehemu ya hofu yangu ilitokana na kupima vibaya, na hakuna aliyewahi kuwa na nafasi ya kuniambia.

Halafu daktari akaniomba nitoe mezani kila kitu ninachomeza, hata cha kununua mwenyewe. Nikatoa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu ya goti. Nilikuwa nazimeza karibu kila siku kwa zaidi ya mwaka, na kwenye orodha yangu ya dawa sikuwahi kuzitaja, kwa sababu kwangu goti lilikuwa jambo jingine kabisa. Dawa za kundi hilo hufanya mwili ubaki na chumvi na maji, hupandisha presha na hupunguza makali ya baadhi ya dawa za presha. Akanibadilishia ya goti, akaniandikia za presha za kutosha hadi tarehe ya kurudi. Ziara ya tatu nilisoma 132 kwa 82. Tangu hapo sijarudi dharura.

Sitaki mtu asome hapa akajizuia nyumbani wakati anahitaji msaada wa haraka. Maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kupotea, degedege, damu isiyokatika, mtoto aliyelegea au asiyeweza kunyonya, kichanga mwenye homa: hapo ni dharura moja kwa moja, saa yoyote. Kiharusi kina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo kusubiri asubuhi kunaweza kumnyima mgonjwa nafasi hiyo. Presha ikifika 180 kwa 120 pamoja na dalili kama hizo, usingoje kliniki.

Malalamiko yangu kwa kliniki ni ya mlangoni. Simu niliipiga asubuhi nzima ndipo ikapokelewa, na nafasi ya kwanza ilikuwa baada ya siku tisa. Wanafunga alasiri, Jumamosi na Jumapili hawapo. Watu husema wanaojaa dharura na mafua ni wasiojua. Pale kwenye benchi nilikaa na mama mwenye mtoto anayeumwa sikio. Alikuwa ametoka kazini jioni, na mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa ule. Alikuwa anajua vizuri sana pa kwenda, palikuwa pamefungwa.

Natoa nyota nne kati ya tano kwa kliniki. Nimewaandikia kuomba wafungue jioni hata siku mbili kwa wiki, na waache nafasi chache za asubuhi kwa anayeamka anaumwa. Wamenijibu kwamba wanalizungumza. Miadi yangu inayofuata ni mwezi ujao, nitawauliza tena.