Kifaa Gani cha Kutunzia Kripto Ununue kwa Matumizi ya Kompyuta

Mtu anayenunua kifaa cha kutunzia sarafu za kripto, ambacho wengi hukiita walleti ya maunzi, ananunua vitu viwili kwa pamoja: mahali ambapo ufunguo wake wa siri utakaa bila kuingia kamwe kwenye kompyuta, na skrini ndogo itakayomwonyesha kwa hakika ni muamala upi anaoutia saini, yaani anaouidhinisha kwa ufunguo huo. Watengenezaji hutangaza zaidi kitu cha kwanza, yaani chipu ya usalama na vyeti vyake. Kwa maoni yangu cha pili ndicho kinachoamua, na mpangilio uliopo hapa umefuata msimamo huo.

Sababu ni kwamba kompyuta ya kawaida haina budi kuchukuliwa kuwa huenda imeshaingiliwa. Zipo programu hasidi ambazo kazi yake ni kumvizia mtu anakili anwani ya Bitcoin ili, anapoibandika, itokee anwani ya mwizi badala ya ile aliyoikusudia. Wapo pia walaghai wanaotengeneza anwani zenye herufi za mwanzo na za mwisho zinazofanana na zile unazozitumia mara kwa mara, kisha wakakutumia kiasi kidogo sana ili anwani hiyo ionekane kwenye orodha ya miamala yako, wakitumaini kwamba siku moja utainakili kutoka humo. Anayesoma anwani nzima kwenye skrini ya kifaa chenyewe na kuilinganisha na ile aliyopewa na mpokeaji huwa ameziba njia zote mbili.

Tukio la Bybit, soko la sarafu za kripto, la tarehe 21 Februari 2025 linaonyesha kinachotokea hilo lisipofanyika. Soko hilo liliibiwa sarafu zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5, ilhali waliotia saini walikuwa wakitumia vifaa vya maunzi. Ukurasa waliouona kwenye kompyuta ulikuwa umechezewa, ukawaonyesha uhamisho wa kawaida, huku vifaa vyao vikipelekewa agizo tofauti kabisa lililojitokeza kwenye skrini kwa namna ambayo binadamu hawezi kuisoma akaelewa. Hakuna ufunguo ulioibwa. Kilichopatikana kwa hila ni saini.

Kwa hiyo nimevipima vifaa kwa mambo manne, kwa uzito huu: skrini inayosomeka, programu ya ndani ambayo wataalamu huru wanaweza kuikagua, uwezo wa kufanya kazi na zaidi ya programu moja ya kompyuta, na maneno ya kurejesha, yaani orodha ya maneno inayoweza kuurudisha ufunguo kifaa kikipotea au kuharibika, kuingizwa kwenye kifaa chenyewe badala ya kibodi ya kompyuta. Jambo la tatu hupuuzwa mara nyingi. Kampuni inaweza kufungwa, au programu yake ikaacha kuhudumia mfumo wa kompyuta yako, na siku hiyo utafurahi kwamba kifaa kinakubaliwa pia na Sparrow au Electrum, programu huru za kompyuta za kutunzia Bitcoin.

Nafasi ya kwanza: Trezor Safe 5, kisha Safe 3

Trezor hutengenezwa Ucheki, na ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 2014, ndiyo iliyofungua njia kwa vifaa vya aina hii. Programu yake ya kompyuta, Trezor Suite, hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, inakuruhusu kuchagua ni sehemu ipi ya salio la Bitcoin itakayotumika katika malipo, na inaweza kupitisha mawasiliano yake kwenye Tor, mtandao unaoficha mawasiliano yanatoka wapi, kwa kubofya mara moja. Programu ya ndani ya kifaa iko wazi kwa yeyote kuikagua, na vifaa vyenyewe vinakubaliwa na Sparrow na Electrum. Safe 5 inatangulia kwa sababu ya skrini yake ya rangi ya kugusa, ambayo anwani husomeka juu yake bila kukodoa macho. Safe 3 ina skrini ndogo na vitufe viwili, na inamfaa mtu mwenye macho mazuri na subira.

Modeli ya zamani, Trezor One, bado utaikuta ikiuzwa hapa na pale. Njia yake ya kuingiza PIN ni ya werevu: kifaa kinaonyesha tarakimu tisa zilizochanganywa, kompyuta inaonyesha vitone tisa visivyo na namba, nawe unabofya mahali tarakimu ilipo, hivyo kwamba programu inayochungulia kompyuta haiambulii kitu. Hata hivyo nisingeinunua leo. Haina chipu ya usalama, na mwaka 2020 maabara ya usalama ya Kraken, soko jingine la kripto, ilionyesha kwamba mtu aliyeishika mkononi, akiwa na vifaa vya kitaalamu, angeweza kutoa siri zake kwa takriban dakika 15. Mwenye kuimiliki tayari anaweza kujikinga kwa kuongeza neno la siri la ziada, ambalo halihifadhiwi ndani ya kifaa.

Nafasi ya pili: BitBox02

Kifaa hiki cha Uswisi kingeweza kushika nafasi ya kwanza kama kingehudumia sarafu nyingi zaidi. Huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa USB-C, hakina vitufe bali sehemu za kugusa pembeni, na chelezo yake ya kwanza, yaani nakala ya akiba ya siri, huandikwa kwenye kadi ya microSD, jambo linalowaepusha wanaoanza na makosa ya mwandiko. Kadi pekee haitoshi. Yaandike pia maneno 24 kwa mkono. Kipo cha Bitcoin peke yake na kipo kinachobeba pia Ethereum, Litecoin na Cardano. Nawashauri wanaoweka akiba ya Bitcoin tu wachukue kile cha kwanza, kwa kuwa programu fupi huwa na mianya michache. BitBoxApp, programu yake ya kompyuta, ni tulivu na haimsukumi mtumiaji kununua hiki na kile, nami nalihesabu hilo kuwa sifa ya usalama.

Nafasi ya tatu: Ledger

Hapa ndipo wengi watakapotofautiana nami, kwa kuwa Ledger ya Ufaransa inahudumia maelfu ya sarafu na chipu yake ni imara. Mwenye sarafu nyingi za aina mbalimbali huenda asiwe na chaguo jingine la maana, na kwake Nano S Plus, isiyo na betri wala Bluetooth, inatosha kwa kazi za kompyuta. Mwenye kutumia mikataba ya Ethereum, yaani programu zinazojiendesha kwenye mtandao wa sarafu hiyo, achague Flex, yenye skrini pana.

Sababu za kuishusha ni mbili. Mfumo unaoendesha chipu yake haujawekwa wazi kwa ukaguzi wa watu wote, na mwaka 2023 kampuni ilipotangaza huduma ya hiari ya kuhifadhi vipande vya siri kwa wahusika wengine, watumiaji wengi walishtuka kutambua kwamba kifaa kinaweza kutoa siri hiyo kikiruhusiwa. Pili, mwaka 2020 hifadhidata ya wateja wake ilivuja, na majina, namba za simu na anwani za makazi za watu takriban 272,000 zikasambazwa. Ufunguo wa mtu hauko kwenye hifadhidata hiyo, lakini waathiriwa walipelekewa barua za ulaghai na hata vifaa bandia kwa njia ya posta. Yeyote anayenunua kifaa, cha kampuni yoyote, atumie barua pepe ya pekee na mahali pa kupokelea mizigo pasipo nyumbani kwake.

Nafasi ya nne: Coldcard pamoja na Sparrow

Nimeiweka ya nne kwa ugumu wake tu. Kwa ulinzi wa Bitcoin inawapita wengi. Coldcard, ya Kanada, haina haja ya kuunganishwa na kompyuta kabisa: unaandaa muamala kwenye Sparrow, unauhifadhi kwenye kadi ya microSD, unautia saini kwenye kifaa, kisha unarudisha kadi ili muamala utumwe. Ukiingiza sehemu ya kwanza ya PIN, kifaa huonyesha maneno mawili uliyoyaona siku ya kukiandaa. Yakibadilika, unajua kwamba ulichoshika si kifaa chako. Mtu ambaye hajazoea atachoka haraka, na aliyechoka huanza kuruka hatua.

Blockstream Jade inafuata. Ni chaguo zuri kwa Bitcoin na Liquid, mtandao wa pembeni uliounganishwa na Bitcoin, na kamera yake husoma misimbo ya QR, ila ulinzi wa PIN yake hutegemea seva iliyo nje ya kifaa, jambo linalohitaji kueleweka kabla ya kununua. Vifaa vilivyokwisha kutumiwa na mtu mwingine sivipangi popote, hata vikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kifaa kinapofika

Agiza kwa mtengenezaji au muuzaji anayetajwa kwenye tovuti yake. Kikifika na karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, huo ni wizi uliokamilika: aliyeyaandika anangoja uweke fedha. Maneno halali, 12, 20 au 24 kutegemea kifaa, huzalishwa na kifaa mbele ya macho yako, na hayapigwi picha wala kuchapwa kwenye kompyuta.

Programu ya kompyuta ipakue kutoka kwenye tovuti rasmi uliyoiandika mwenyewe, si kwenye tangazo la injini ya kutafutia. Hata duka la programu halitoshi kuwa dhamana, kwani mwaka 2023 programu bandia iliyojifanya Ledger Live, programu ya kompyuta ya Ledger, ilipenya kwenye duka la Microsoft na kuwaibia watu. Sparrow na Electrum hutolewa pamoja na saini ya kidijitali ya kuthibitisha faili, na kuikagua huchukua muda mfupi. Mwaka 2018 watumiaji wa Electrum waliibiwa baada ya seva za walaghai kuwaonyesha ujumbe wa kuwataka wasakinishe toleo jipya la bandia. Saini ingeliumbua toleo lile papo hapo.

Kisha weka kiasi kidogo, andika pembeni anwani ya kwanza ya kupokelea kama inavyoonekana kwenye skrini ya kifaa, ukifute kifaa chote, na ukirejeshe kwa maneno uliyoyaandika. Anwani ileile ikitokea tena na kiasi kile kikaonekana, hamisha akiba iliyobaki.