Nilijenga kikosi cha kukabia juu, wakanibadilishia mchezo katikati ya msimu

Nimeucheza mchezo huu wa kompyuta wa kuendesha klabu ya kandanda kwa misimu mingi, na hadi hivi majuzi ningeusifu mbele ya yeyote. Leo ninaandika nikiwa na hasira, wala sitajifanya mtulivu.

Kikosi changu nilikijenga kwa madirisha matatu ya usajili. Nilimuuza mfungaji wangu bora kwa sababu alikuwa mvivu wa kukaba, nikasajili mawinga wawili wenye pumzi, mabeki wa kati wenye kasi na kipa asiyeogopa kutoka langoni, wote kwa ajili ya jambo moja tu: kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na lango lake, katika mfumo wa 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu). Mchezo unafuata kanuni ya Ligi Kuu ya Uingereza, yaani wachezaji 25, na wasiolelewa katika klabu za huko wasizidi 17, kwa hiyo kila nafasi niliipigia hesabu.

Basi dirisha likiwa limeshafungwa, likaja toleo jipya la mchezo kutoka kwa watengenezaji, lisilo na maelezo yoyote. Mawinga waliokuwa wakimaliza dakika 90 wakawa hoi kabla ya mapumziko, na kila pasi ndefu ikawa inawapita mabeki wangu. Nilifungwa mechi tano mfululizo, moja na timu iliyokuwa ikishika mkia. Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa adabu, nikaambatanisha takwimu za mechi zote, nao wakanijibu kwa sentensi moja kwamba kocha mzuri hubadili mbinu.

Kana kwamba silijui hilo! Mwaka 1925, idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli ili asiwe ameotea ilipopunguzwa kutoka watatu hadi wawili, Herbert Chapman, kocha wa Arsenal, alifungwa 7-0 na Newcastle, ndipo akamrudisha kiungo wa kati acheze kama beki wa tatu. Lakini sheria ile ilipitishwa kabla ya msimu kuanza, na kila klabu iliijua. Mimi nilibadilishiwa gizani, ligi ikiendelea, kisha nikafundishwa ukocha na mtu ambaye nina shaka kama alisoma barua yangu hadi mwisho.

Hata hivyo, haki yao niwape. Nilirudisha mabeki nyuma, nikahamia 3-5-2, nikampandisha kijana wa akademi ambaye kwa umri wake hahesabiwi katika wale 25, na tukacheza mechi sita bila kufungwa kwa mashambulizi ya kushtukiza. Siku hizo nilikuwa nikilala saa tisa za usiku huku nikitabasamu peke yangu. Hakuna mchezo mwingine ulionipa raha ya namna hiyo, na nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Dirisha lilipofunguliwa nikawauza wale mawinga kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mfumo mpya haukuwahitaji. Siku chache baadaye likaja toleo jingine, kimya kimya vilevile, na kukabia juu kukarudi kama zamani. Mmoja wa mawinga hao amenifunga mabao mawili akiwa na klabu yake mpya, yote baada ya kumpokonya mpira beki wangu. Nilikuwa nimeandika nyota mbili hapa. Nimezifuta, nimeweka moja.