Kupeleka wanafunzi wa msingi Kanisa la Mkunazini: uzoefu wangu

Walimu wenzangu mnaouliza kama inafaa kupeleka watoto wa msingi pale Kanisa la Mkunazini, lile la Waanglikana Mji Mkongwe Unguja lililojengwa palipokua na soko la watumwa, jibu langu inafaa, tena sana, ila msiwapitishe kama wanavopitishwa watalii. Mtalii anaingia mbio vile vyumba vya chini vinavosemwa waliwekwa watumwa, anapiga picha sanamu za ukumbusho nje, anachungulia kanisa dakika mbili anaondoka kuwahi boti. Mtoto wa darasa la tano ukimfanyia hivo atarudi kwao na minyororo tu kichwani, na usiku mama yake atakesha nae.

Mimi nafundisha skuli ya shamba huku kusini, watoto wetu wengi mjini wanaijua Darajani tu wanapokuja kununuliwa nguo za skukuu, kwa hiyo hata ule mnara walikua hawajauona. Na hapa niseme kabisa, mwambieni dereva MKUNAZINI na mmkazie, manake ukisema kanisa kubwa la mjini wengine akili zao zinakwenda Minara Miwili. Wetu alituchukua hukohuko na bado anabisha, mpaka muuza njugu mmoja akamwambia "kaka hilo la Wakatoliki, hawa wanataka soko la watumwa". Basi lenyewe halipiti vichochoroni, mtashuka upande wa Darajani mwende kwa miguu, watoto washikane mikono wawili wawili na mwalimu mmoja abaki nyuma kabisa, vespa zile hazina huruma.

Jengine la kumaliza kabla hamjatoka ni wazazi. Karibu watoto wetu wote ni Waislamu na grupu la WhatsApp la wazazi liliwaka moto siku tuliyotangaza safari. Bibi wa mtoto mmoja hakuandika kitu, alikuja mwenyewe skuli, akasalimia vizuri, akakaa, kisha akauliza, "Mwalimu, mjukuu wangu anakwenda kufanya nini kanisani?" Nikamwambia bibi, anakwenda kuona pahala walipouzwa watu, hakuna sala wala nyimbo, na asiyetaka mtoto wake aingie ndani atabaki uwanjani na mwalimu. Akaniangalia, akasema "basi mchukue, lakini naye aje anihadithie". Wallahi tangu hapo sikupata tabu tena na wazazi, yeye ndie aliyenisemea mtaani. Kwa hiyo waiteni wazazi, waelezeni ana kwa ana, msitegemee meseji.

Sasa mpangilio, na hapa ndo ushauri wangu mkubwa ulipo. Ombeni mwanzie KANISANI, vyumba vya chini viwe mwisho. Na muombeni mtembezaji mapema azungumze Kiswahili cha watoto, sio ile hotuba ya wageni iliyotafsiriwa. Wetu alikua kijana mpole mashallah, aliwakalisha chini kwanza akawauliza nani anajua soko la watumwa lilifungwa lini, kimya, akawaambia 1873, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba kwa kubanwa na Waingereza, na mwaka huohuo siku ya Krismasi ndo likawekwa jiwe la msingi la kanisa hapohapo sokoni. Akawaonesha mbele ya madhabahu, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe limezungukwa na nyekundu. Hapo ndipo panaposemwa palikua na mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa, na ule wekundu ni alama ya damu. Watoto walikua wamelikaribia sana lile duara, alipomaliza tu wote wakarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

Halafu nguzo. Jamani nguzo! Kule nyuma karibu na mlango kuna nguzo zimesimamishwa juu chini, inasimuliwa mafundi walizipachika hivo wakati Askofu Steere, yule Mwingereza aliyesimamia ujenzi, hayupo na aliporudi akaamua ziachwe. Watoto walicheka mpaka nikaona haya, kisha wakaanza kubishana ipi kichwa na ipi miguu, mmoja akalala chini kabisa aangalie kwa kupindua kichwa. Mimi nkawaacha. Ukweli kitu hichi kimoja kilifanya zaidi kuliko somo langu la wiki nzima, manake kutoka hapo wakaanza kuuliza wenyewe, nani alijenga, kwa mawe gani, dari hili la mviringo lisilo na mbao mbona halianguki. Mawe ni ya matumbawe kwa saruji, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe tu ukiacha saruji, na hata wakati wa kujenga walikuwepo waliosema dari litaanguka. Steere mwenyewe kazikwa nyuma ya madhabahu, alikufa 1882. Nilipowaambia huyuhuyu mzungu ndie aliyekaa na watu wa Unguja akakusanya hadithi zao za Kiswahili akazipiga chapa tangu 1870, kijana mmoja akauliza "na hadithi ya sungura imo?" Nikamwambia atafute maktaba, hapo kanishinda.

Kuna pia msalaba wa mbao za mti ule uliozikiwa chini yake moyo wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, kule Chitambo, Zambia. Watoto hawakushughulika sana na Livingstone, walichokitaka ni habari za kina Susi na Chuma, wale watumishi wake waliombeba alipokufa, vipi watu wanaichukua maiti kwa miguu mpaka Bagamoyo. Ikaushwe na nini? Ilinuka? Waliogopa simba? Mtembezaji alijibu yote kwa subira, mimi nilikua nishachoka.

Nje kuna lile shimo la sanamu tano za mawe zilizofungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Wakubwa wanaweza kukaa hapo muda mrefu. Watoto wetu waliuliza swali moja tu, mnyororo huu ni wa kweli? Wakaambiwa ndio ni wa enzi hizo, zogo lote likakatika. Waacheni hapo kidogo, msikimbilie kupiga picha ya pamoja. Niliona grupu jengine wanapanga watoto watabasamu mbele ya shimo, hilo sikulipenda kabisa.

Maonesho ya historia ya biashara ya utumwa yaliyofunguliwa pale 2016 ni mazuri, mwalimu peke yake ningekaa asubuhi nzima, lakini kwa watoto wa msingi maandishi ni mengi, watasoma bango la kwanza na la pili kisha wanaanza kusukumana. Sisi tulifanya hivi, kila kundi likapewa bango moja walisome na waje watuhadithie, ikawa afadhali sana. Ukiwa na darasa la tatu au la nne usijisumbue, pita tu.

Mwisho vyumba vya chini, vilivyo chini ya jengo lililokua hospitali ya wamisionari. Ni vya chini kweli, dari fupi, joto, tundu za hewa ni nyembamba, na mtoto mwenye pumu au mwenye hofu ya giza msimshurutishe. Ingieni kidogokidogo, kundi likitoka ndo jengine liingie, na mwalimu awe ndani nao. Darasa la kwanza mpaka la tatu mimi nisingewaingiza hata kidogo, wabaki juu.

Halafu hapa ikaja ile ya kunipandisha kichwa. Msichana mmoja, mkimya darasani mpaka huwa nasahau kama yupo, akasema "Mwalimu, kama soko lilifungwa 1873, na hospitali hii ya juu wamejenga wamisionari baadae, vyumba hivi ni vya nani?" Na kweli swali hilo wanalo hata wanahistoria, wapo wanaosema waliwekwa watumwa humu na wapo wanaotilia shaka kwa sababu hiyohiyo ya tarehe. Mtembezaji hakukasirika wala hakumpiga chenga, alisema wazi kwamba hilo bado linabishaniwa, ila soko kuwepo hapa halibishaniwi na mtu. Mimi kwa hilo peke yake nampa alama zote. Mtoto anajifunza zaidi akiambiwa wakubwa nao wanabishana kuliko akipewa namba ya watu waliojazwa chumbani aikariri.

Mambo madogomadogo: kiingilio cha wenyeji na cha wageni si kimoja kwa hiyo nendeni na barua ya skuli na mpige hodi kabla ya siku, msifike tu. Jumapili asubuhi acheni, kanisa linatumika mpaka leo na watu wana ibada yao. Nguo za skuli zinatosha, mashungi na kofia hakuna aliyetusemesha. Maji bebeni wenyewe. Na msiunganishe siku hiyohiyo na Forodhani na Ngome Kongwe, najua wakuu wa skuli wanapenda kutumia basi mpaka mafuta yaishe, lakini watoto wakishatoka kwenye vile vyumba wanataka kukaa, kula na kuzungumza, sio kupangwa foleni nyengine. Sisi tuliwapeleka wakanywa urojo kisha moja kwa moja nyumbani, na basi zima lilikua ubishi wa nguzo na wa yule msichana, wengine wanasema kamzidi mtembezaji, wengine wanasema hakumzidi.

Bibi nae alihadithiwa, kaniletea salamu anataka kujua safari ya pili lini. Tumefikiria Mangapwani, kule palipofichwa watumwa baada ya soko kufungwa, kama kuna mwalimu alieshapeleka watoto huko aniambie njia ya kushukia pale ikoje na kama darasa la tano wanaiweza.